Windows ilikuja na laptopu: flashi ya kuipiga upya unaitoa wapi?

Binti wa jirani yetu alibisha hodi jioni moja, laptopu kwapani, uso umemshuka. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, utafiti wake wote umo humo, na mashine tangu asubuhi ilikuwa inawaka, inazungusha vidoti vyake, inaandika kwamba inajirekebisha, kisha inarudi pale pale. Fundi wa kwanza alimwambia alete CD ya Windows iliyokuja na kompyuta.

"Mjomba, kwenye boksi mlikuwa na chaja na vikaratasi tu. Ina maana dukani walinichomolea?"

Hawakumchomolea. Laptopu karibu zote zinazouzwa siku hizi haziji na diski yoyote, na nyingi hazina hata tundu la kuingizia CD. Lakini swali lake ni swali la haki: Windows aliilipia, bei yake ilikuwa ndani ya bei ya laptopu, sasa imeharibika na hana cha kuirudishia. Je, diski hiyo inaweza kutengenezwa kutoka kwenye mashine yenyewe? Inawezekana, ila si kwa namna ambayo wengi wanaifikiria, na kabla ya kushika flashi inabidi tutenganishe mambo ambayo yamefungwa kwenye neno moja.

Tunaposema "Windows" tunataja vitu vitatu. Cha kwanza ni mafaili yenyewe ya mfumo endeshi, yale yanayomwagwa kwenye diski fundi anapopiga Windows. Mafaili hayo ni yale yale kwa kila mtu, na Microsoft inayatoa bure kwenye tovuti yake. Cha pili ni leseni, yaani haki ya kuyatumia, na hii ndiyo uliyoilipia. Cha tatu ni draiva, zile programu ndogo zinazoifundisha Windows kuongea na Wi-Fi yako, spika zako, skrini yako na diski yako. Hizi hutegemea aina ya mashine. Zamani vitu vyote vitatu vilikuja mkono mmoja: diski kwenye bahasha, kibandiko chenye namba, na CD nyingine ya draiva. Leo kila kimoja kinakaa mahali pake, na mtu anayetafuta "CD ya Windows" anatafuta kitu ambacho kimeshagawanywa.

Waliotumia Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, wanaikumbuka folda iliyoitwa I386. Watengenezaji wengi walikuwa wameacha kutia CD kamili, badala yake waliiacha folda hiyo ndani ya diski kuu, ama kwenye C:\I386 au C:\WINDOWS\I386. Ndani mlikuwa na mafaili yote ya kusakinishia. Kwa hiyo mtu aliichoma kwenye CD, akaiingiza, akawasha kompyuta, na hakuna kilichotokea. Tatizo halikuwa mafaili. Kompyuta inapowaka haijui kusoma folda. Inatafuta kipande kidogo cha msimbo wa kuanzia mahali maalumu kwenye CD, na kipande hicho hakinakiliki kwa kuburuta folda. Ilibidi ukipate pembeni, kisha uiambie programu ya kuchomea ipakie sekta nne tu, kwenye anwani 07C0. Hata ukifika hapo, usakinishaji ungeweza kusimama katikati ukidai uingize CD ambayo tayari imo, kwa sababu kwenye mzizi wa diski hapakuwa na faili dogo la utambulisho: WIN51IP kwa toleo la Professional, WIN51IC kwa Home. Nilichoma CD nyingi bure kabla sijajua habari ya hayo mafaili mawili. Nayataja kwa sababu kosa lile lile lipo hadi leo. Mtu ananakili mafaili ya Windows kwenye flashi kwa kuburuta, kisha anashangaa haibuti, yaani kompyuta haiwaki kutoka humo.

Windows Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, usakinishaji wenyewe ulibadilika. Windows nzima ilifungwa ndani ya faili moja, install.wim, na kazi ya kusakinisha ikawa kulimwaga faili hilo kwenye diski. Watengenezaji wakapata njia rahisi: wakatenga chumba kilichofichwa kwenye diski kuu, wakaweka humo picha ya mashine ilivyotoka kiwandani, na wakakupa programu ya kuichoma kwenye DVD zako mwenyewe. Baadhi yao waliruhusu seti moja tu kwa kila kompyuta. Ndiyo maana zile laptopu za Windows 7 zilikuwa zinakukumbusha kila wiki utengeneze diski zako, na ndiyo maana walioahirisha walijuta siku diski kuu ilipokufa na chumba chake cha siri kikafa nayo.

Kisha Windows 10, mwaka 2015, ikaondoa hata picha hiyo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tuangalie kwa karibu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Disk Management. Utaona diski yako imegawanywa vyumba. Cha kwanza ni kidogo, mara nyingi kati ya MB 100 na 260, nacho kina msimbo wa kuwashia. Kinafuata chumba kikubwa cha C. Mwishoni kuna kimoja au viwili vimeandikwa Recovery, na hapo ndipo macho ya watu yanapong'aa: kumbe Windows yangu imo humu! Soma ukubwa wake kwanza. Chumba cha MB 700 hakiwezi kubeba Windows. Humo mna mazingira ya uokoaji tu, ile skrini ya buluu yenye machaguo ya kurekebisha. Ukiiamuru ikurudishie mashine upya, haina picha ya kiwandani ya kumwaga. Usipochagua kupakua upya kwa intaneti (Cloud download), inakusanya mafaili ya mfumo kutoka kwenye Windows ile ile iliyopo kwenye C, hasa folda ya WinSxS, na kujijenga nayo. Ni ubunifu mzuri, umeokoa nafasi kubwa kwenye diski ndogo. Lakini fikiria maana yake pale ambapo kilichooza ni hayo mafaili yenyewe. Ni sawa na kujenga upya nyumba iliyoliwa na mchwa kwa mbao zile zile.

Na ndicho kilichomkuta huyu binti. Alishajaribu Reset, yaani agizo hilo la kurudisha mashine upya, mara mbili, na mara zote mbili ilifika karibu nusu, ikakiri imeshindwa.

Baadhi ya laptopu huwa na chumba cha pili cha Recovery, kikubwa, GB 10 au 20, ambacho mtengenezaji bado anaweka picha yake ya kiwandani. Ukikiona, usikifute hata kama diski imejaa. Lakini usiishi kwa kukitegemea, kwa sababu kiko kwenye diski ile ile ambayo siku moja itakufa.

Sasa leseni, kitu ambacho watu hukihofia zaidi ingawa ndicho kilicho salama zaidi. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa walianza kuandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ndani ya chipu ya madabodi, kwenye jedwali linaloitwa MSDM. Kila mashine na ufunguo wake. Ndiyo sababu ukigeuza laptopu mpya huoni tena kile kibandiko chenye namba tulichokuwa tunakilinda kwa selotepu kisifutike kwa jasho la mapaja. Ufunguo haufutiki kwa kufomati, wala haupotei kwa kubadilisha diski. Ukitaka kuuona kwa macho yako, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi, ndio huo. Ukiona patupu, pengine mashine ni ya zamani kuliko utaratibu huu, au leseni yake iko upande wa Microsoft, imefungamanishwa na madabodi yako tangu siku Windows 10 ilipothibitishwa kwa mara ya kwanza. Vyovyote iwavyo, ukipiga toleo lile lile kwenye mashine ile ile, leseni hujitambua yenyewe mara intaneti inapopatikana. Kuna pengo moja: mashine iliyokuja na Windows 7 au 8 na haijawahi kupandishwa. Njia ya kutumia funguo hizo kwa Windows 10 au 11 Microsoft ilitangaza kuifunga Septemba 2023.

Neno la kushika hapo ni "toleo lile lile". Nimeshaona laptopu nyingi zilizonunuliwa na Home (toleo la nyumbani) halali kutoka kiwandani, zikapelekwa kwa fundi kwa tatizo dogo, zikarudi na Pro (toleo la kazini) iliyokrakiwa, yaani iliyochezewa ionekane ina leseni. Fundi alikuwa na flashi moja anayopigia kila mashine. Mwenye mali anaona Windows ni nzuri, lakini chini yake leseni aliyoilipia imelala kwenye chipu bila kazi, na juu yake kuna programu iliyodai antivairasi izimwe ndipo iingie. Kraki za aina hii nyingi huigiza seva ya ofisi kubwa, ambayo uthibitisho wake hudumu siku 180, kwa hiyo lazima kitu fulani kibaki kinaendelea kufanya kazi chinichini kuuhuisha. Hicho kitu ni nini, kimeandikwa na nani, na kinatuma nini kwenda wapi, wewe na fundi hamjui. Kwa mitumba inayotoka maofisini Ulaya jambo hili linauma zaidi, kwa kuwa laptopu nyingi za kiofisi kama Latitude, EliteBook na ThinkPad zina ufunguo halali wa Pro ndani ya chipu. Mtu anawekewa kraki ya kitu ambacho tayari ni chake. Kabla hujamkabidhi fundi mashine, endesha amri ile, upige picha jibu lake kwa simu.

Tukishaelewa hayo, swali la mwanzo linajibika. Kutoka kwenye laptopu inayofanya kazi unaweza kutengeneza vitu viwili tofauti, na ningependa uwe navyo vyote.

Kimoja ni flashi ya uokoaji ya mashine hiyo hiyo. Andika Recovery Drive kwenye kisanduku cha kutafutia, ifungue, uache alama kwenye mstari unaosema mafaili ya mfumo yanakiliwe pia. Mstari huo ndio wenye kazi; ukiuondoa unapata zana za kurekebisha tu, bila Windows ndani. Flashi iwe na GB 16 angalau, mimi natumia ya 32, na chochote kilichomo kitafutwa. Huchukua muda, saa nzima si ajabu. Matokeo yake ni jambo la karibu kabisa na "CD iliyokuja na kompyuta": inajua draiva za mashine yako, na diski kuu ikifa ukaweka mpya, inairudisha Windows kwenye diski tupu. Haitakufaa kwenye kompyuta nyingine.

(Flashi mnunue kwa mtu mnayemwamini. Sokoni kuna zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani zina 8. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha sehemu iliyozidi inapotea kimya kimya, nawe utajua siku ya shida. Programu ndogo ya bure iitwayo H2testw huziumbua.)

Kingine ni flashi ya kusakinishia, safi, inayofanya kazi kwenye mashine yoyote. Hii huitoi ndani ya laptopu. Unaipakua Microsoft kwa programu yao ya Media Creation Tool, ambayo hutaka flashi ya GB 8 na bando la kutosha. Kwa wengi wetu bando ndilo kikwazo kuliko elimu. Ipakueni mara moja, ofisini au chuoni penye Wi-Fi, mtumie mtaa mzima. Kugawana mafaili haya hakumnyimi mtu leseni yake, kwa sababu kila mashine inakuja na ya kwake.

Ukiamua kupakua faili la ISO, yaani faili moja lililobeba diski nzima ya kusakinishia, na kulipeleka mwenyewe kwenye flashi, utakutana na ukuta unaowachosha watu bila wao kujua ni ukuta gani. Kompyuta za kisasa zikibuti kwa UEFI, programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi, husoma kwa uhakika flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili. FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofikia GB 4. Na install.wim iliyomo kwenye ISO ya Windows 11 imepita hapo. Ndiyo maana Windows inakuambia faili ni kubwa mno ilhali flashi ina GB 20 tupu. Flashi yenyewe haina kosa. Media Creation Tool hulikwepa tatizo kwa kulibana faili hilo zaidi, likawa install.esd. Programu ya bure iitwayo Rufus hulikwepa kwa kuongeza kisehemu kidogo cha kuanzia kinachojua kusoma NTFS, mpangilio mwingine usio na kikomo hicho. Nawe unaweza kulikata vipande mwenyewe (hapa D ni ISO iliyofunguliwa, E ni flashi):

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Vipande vikiwa kwenye folda ya sources, programu ya kusakinisha huviunga bila kuuliza. Kuhusu DVD, sahau: ya kawaida inabeba GB 4.7, na ISO ya Windows 11 imeshazidi GB 5.

Flashi safi ina udhaifu mmoja, nao ni kile kitu cha tatu, draiva. Windows ya Microsoft inabeba draiva nyingi za kawaida, lakini laptopu yako inaweza kuwaka bila Wi-Fi, na bila Wi-Fi huwezi kupakua draiva ya Wi-Fi. Kwa hiyo, mashine ikiwa bado nzima, fungua Command Prompt kama msimamizi, tengeneza folda kwenye flashi, kisha:

pnputil /export-driver * E:\Draiva

Ndani ya dakika chache draiva zote zilizoongezwa na mtengenezaji zinakusanyika. Kati ya hatua zote ninazozieleza, hii ndiyo rahisi kuliko zote, na sijui kwa nini mafundi wachache sana huifanya kabla ya kufomati.

Wapo wanaotaka zaidi ya hapo: kuichukua Windows iliyopo, pamoja na Word na kila kitu, na kuigeuza kuwa diski ya kusakinishia. DISM, zana ile ile ya amri ya kukatia faili, inaweza kukamata chumba cha C na kukifunga kwenye faili la WIM, ilimradi umebuti kutoka nje, kwa sababu Windows inayotembea haiwezi kujipiga picha nzima. Lakini hiyo ni nakala ya mashine, yenye nywila zako, mafaili yako na makosa yako yote. Ili ifae mashine nyingine ni lazima kwanza isafishwe kwa Sysprep, zana ya Windows inayoondoa utambulisho wa mashine, na Sysprep hugoma mara kwa mara kwenye Windows ya nyumbani iliyojaa programu za dukani. Kwa kumrudishia mwenyewe kwenye mashine yake, nakala hiyo ni hazina. Kama njia ya kutengeneza diski ya kupigia, ni mzunguko mrefu wa kufika palipo jirani.

Turudi kwa binti. Mashine yake ilikuwa imeshaanguka, kwa hiyo flashi niliitengeneza kwenye kompyuta yangu. Lakini utafiti ulikuwa bado ndani, na hatukuweza kufuta chochote. Kwenye ile skrini ya buluu ya uokoaji tuliomba Command Prompt, ikatudai tarakimu 48. Akanitazama. Hajawahi kuweka nywila ya aina hiyo. Kweli hakuweka, laptopu nyingi za sasa hujifungia diski kwa usimbaji zenyewe, mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Alifungua akaunti kwenye simu yake, akaenda ukurasa wa vifaa vyake, tarakimu zikawa pale katika mafungu manane ya sita sita. Alizisoma taratibu, mimi nikiandika. Kisha niliandika notepad, nikafungua dirisha la kuchagua faili, na kupitia dirisha hilo dogo tukanakili folda ya utafiti kwenda diski ya nje. Alipumua kwa sauti.

Hapo ndipo tukabuti flashi. Lugha, sawa. Ufunguo, haikuuliza hata. Ilishausoma kwenye chipu na kuchagua Home yenyewe. Tulipofika kwenye orodha ya diski, orodha ikawa tupu. Fundi mwingine angesema diski imekufa, nunua nyingine. Haikuwa imekufa, maana dakika chache zilizopita tulikuwa tunasoma mafaili yake. Laptopu nyingi zenye Intel za kizazi cha 11 na kuendelea huipitisha diski nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na flashi safi huenda haina draiva yake. Tukaipakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, tukaifungua ndani ya flashi, tukabofya Load driver, na diski ikajitokeza na vyumba vyake vyote.

Saa nne usiku Windows iliwaka. Tuliunganisha na intaneti ya simu, tukafungua ukurasa wa Activation, ukawa umeshaandika kwamba leseni ya kidijitali ipo. Kesho yake alirudi na flashi mpya ya GB 32, tukamtengenezea ya uokoaji pamoja na folda ya draiva kwenye flashi nyingine. Kabla hajaondoka tulizima mashine, tukaiwasha huku tukibofya F12, tukachagua flashi kwenye orodha, tukasubiri mpaka skrini ya kuchagua kibodi ilipotokea. Tuliishia hapo, tukazima, kwa kuwa kufika tu kwenye skrini hiyo hakufuti kitu na kunatosha kujua flashi inabuti. Alichukua selotepu ya karatasi, akaandika modeli ya laptopu na tarehe, akaibandika juu ya flashi.

"Na hizi tarakimu 48, mjomba, niziweke wapi?"

Nilimwambia aziandike kwenye daftari, lisilokaa mfuko mmoja na laptopu.